Jini Aliyekikana Kizingiti cha Mafudhi

Katika habari za Sultani Badiri bin Masudi, mtawala wa mji wa Ndaramani, mna fumbo moja ambalo mimi ninayesimulia sikuwahi kulifumbua, wala niliowauliza hawakuliweza: jini aliyefungwa, siku aliyofunguliwa na kuambiwa aende atakako, kwa nini hakwenda? Mengine yote yanaelezeka, na ndiyo haya.

Alikuwako katika mji ule fundi aitwaye Haidari, naye alitengeneza ubao wa mchezo wa Falme Saba, na ubao huo ulikuwa ajabu, kwani kifuniko kikifunguliwa farasi wa fedha hupiga mbio wenyewe, na ngome huinuka na kubomoka, na mchezaji hunong'ona tu amri zake. Miaka kumi na mmoja Haidari aliifanya kazi ile, na macho yake yakaingia ukungu. Akaogopa wezi wasije wakamwiga, na katika kila ubao akamfunga jini awe bawabu, na jini yule humtambua mwenye ubao kwa kizingiti cha nyumba ulimofunguliwa mara ya kwanza, na kila siku kabla ya kufungua huruka kwanza kwenda kwa Haidari kuomba idhini.

Mafudhi mshona kofia aliununua ubao mmoja kwa kazi ya miaka miwili ya sindano, akaufungua nyumbani kwake. Aliununua kwa ajili ya Mwanahija, mjane msuka mikeka, aliyeupenda mchezo ule kuliko kulala. Alipomposa, Mwanahija alimjibu, "Tucheze kwanza mchezo mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Nataka kuona unavyoshindwa, kisha nitakujibu."

Mafudhi akafurahi, akapaka nyumba chokaa, na kwa kuwa kizingiti chake kilikuwa kimeliwa na mchwa, na bibi arusi haingii kwa kuruka mashimo, akaking'oa na kuweka kipya cha mninga. Siku ya miadi, baada ya alasiri, Mwanahija akaja na shangazi yake, wakaketi, na Mafudhi akaugusa ubao. Jini akachomoza kama moshi wa kahawa, akakitazama kizingiti.

"Nyumba hii siijui," akasema.

Mafudhi akamweleza habari za mchwa. Jini akamsikiliza kwa adabu, akaruka kwa Haidari, akakawia mpaka kahawa ikapoa, akarudi na jibu kwamba bwana wake amesema mwenye kizingiti kipya anunue ubao mpya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Na jirani yake alikuwa Shaame muuza halua, naye alikuwa na ubao wa Haidari asioununua kwa halali, ambao jini wake alikwisha kumfukuza kwa ubani na maneno fulani, na ubao huo ulifunguka wakati wowote, hata Shaame alipokuwa akikoroga sufuria. Siku ya nne Mwanahija alichoka kungoja, akamwambia shangazi yake waende pale jirani wakatazame kidogo. Kidogo ikawa kila alasiri. Mafudhi akawa anashona huku akisikia kupitia ukutani vicheko na vishindo vya farasi, na alijua kila kicheko ni cha nani, na sindano ikamchoma hata kofia ya mteja ikaingia doa la damu. Na Shaame akipita mlangoni alikuwa akisema, "Jirani, jini wako hajambo? Msalimu."

Ndipo Mafudhi alipokwenda kumshitaki Shaame kwamba ameiba kazi ya fundi. Wote wakaitwa barazani kwa Sultani, na mbao mbili zikawekwa zuliani. Haidari akaeleza habari za macho yake na za miaka kumi na mmoja, na hapana aliyeweza kumlaumu. Sultani akaamuru mbao zifunguliwe. Wa Shaame ukafunguka. Katika wa Mafudhi jini akatoka, akatazama nguzo za jumba, akasema nyumba hii haijui.

"Mwizi umemzuia mara ngapi?" Sultani akamwuliza.

"Mwizi sijapata kumwona, Maulana," akajibu jini. "Mimi nimemzuia huyu tu."

Baraza likacheka, ila Haidari. Sultani akamgeukia Mafudhi. "Nawe umekuja kumtetea fundi?"

Mafudhi alikuwa ameiandaa hotuba nzima juu ya haki za mafundi. Akamwona Mwanahija katika safu ya wanawake, akaiacha.

"La, Maulana. Nimekuja kwa wivu. Ubao wake ungefungwa kama wangu, ningelala usingizi. Nilitaka afungiwe yeye, wala sikufikiria kufunguliwa mimi."

Sultani akahukumu: majini wafunguliwe katika kila ubao ulionunuliwa kwa halali, na Shaame, kwa kuwa alikula kazi ya mtu, awe mikono na macho ya Haidari mwaka mzima karakanani. Haidari akauliza ni nani atakayezizungukia nyumba, kwani yeye alijua kufunga tu. Shaame ndiye aliyeyajua maneno, lakini nani angemfungulia mlango mwizi? Basi Sultani akasema aende Mafudhi, na Shaame amfundishe.

Mafudhi akaanza na wake. Jini akatoka, akaambiwa yu huru, akajinyoosha, kisha akaketi juu ya kizingiti cha mninga akitazama mchezo, na yasemekana hakuondoka tena. Mwanahija akarudi na shangazi yake, akamshinda Mafudhi mchana kutwa, na ngome yake ya mwisho ilipoanguka, Mafudhi akamtilia kahawa na kuomba wapange tena. Mwanahija akamwambia shangazi yake aulize Ijumaa ipi inafaa.

Na hukumu ikatimizwa nyumba kwa nyumba, mitaa yote ya Ndaramani: Mafudhi akibisha hodi, na nyuma yake Shaame, amebeba chetezo.