Mwalimu Aliyekuwa Kondoo

Asiyekubali kuwa kondoo, asifundishe uchungaji. Vijana waliokuja kufundisha kambi ya watoto walipoisikia methali hiyo, walicheka, wakamwuliza Bibi Nakijwa imetoka wapi. Bibi akasema methali hii ilianza hivi.

Kanisa la huko Upareni lilikuwa na kambi ya watoto kila likizo. Mwaka mmoja Namsifu, aliyekuwa mpishi wa kambi, aliomba darasa la wadogo. Alilitamani darasa hilo kuliko kitu chochote. Mama Nanzia, mkuu wa kambi, akamwambia, "Haya, chukua. Ila Jumapili nitawauliza watoto mbele ya wazazi. Wasipoelewa, mwanangu, utarudi jikoni."

Somo lilikuwa kwamba Mungu ni mchungaji wetu, kwake hatupungukiwi. Namsifu alilieleza vizuri, kwa sauti tamu, akiwa amevaa gauni lake la Krismasi. Kisha akauliza, "Mchungaji ni nani?"

"Ni Mchungaji Mgonja!" wakajibu kwa pamoja.

"Anafanya nini?"

"Anakula paja la kuku!"

Eliamini, kitoto chenye mapengo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona akija kwetu kuku wanapungua?"

Namsifu alicheka mpaka machozi, halafu akakumbuka neno la Mama Nanzia. Kesho ilikuwa Jumapili. Kueleza alikwisha kueleza, maneno yamemwishia. Basi akapiga magoti kwenye nyasi, gauni na yote, akajifunika khanga mgongoni.

"Meee! Mimi ni kondoo, nimepotea. Nani atanichunga?"

Watoto walimkodolea macho. Eliamini akang'oa nyasi, akampelekea mdomoni. "Kula basi."

Loo, hapo uwanja ulichangamka! Mmoja akamvuta mbali na miiba, mwingine akamfukuzia fisi. Namsifu akatorokea migombani, nao mbio nyuma yake.

"Na nikipotea tena?" aliuliza akihema.

"Tutachoka," akasema Eliamini, "lakini tutakutafuta."

Jumapili Mama Nanzia akauliza mbele ya wazazi, "Haya wanangu, mchungaji ni nani?"

Namsifu alifumba macho.

"Ni yule anayemtafuta mwalimu akipotea," Eliamini akajibu. "Anamlisha, anamfukuzia fisi. Mungu naye anatufanyia hivyohivyo."

Wazazi wakaangua kicheko, ila wengine walipangusa macho. Mchungaji Mgonja, mtu mzima na kitambi chake, akataka aonyeshwe walivyojifunza. Watoto wakampigisha magoti palepale, akalia meee, akapewa nyasi.

"Leo kuku hakuna!" Eliamini akamwambia.

Mchungaji aliinuka akitema majani. "Mama Nanzia," akasema, "huyu usimrudishe jikoni. Mimi nimehubiri miaka mingi nikiwa nimesimama wima, na watoto hawa wamejua kuku tu. Asiyekubali kuwa kondoo, asifundishe uchungaji."

Bibi Nakijwa alipomaliza, vijana waliyatazama mavazi yao yaliyopigwa pasi. Uwanjani watoto walikuwa wameanza kuwaita. Msichana mmoja akavua viatu, akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande.

"Naam," Bibi akasema akicheka. "Asiyekubali kuwa kondoo, asifundishe uchungaji."