Fisi Aenda Kutazama Ndege Ziwani

Hodi, wasikilizaji!
"Karibu na ngano yako!"
Imelowa masika!
"Ianike tuione!"

Haya basi. Masika yalikwisha, ziwa likajaa mpaka kwenye matete, na ndege wakaja. Wakaja korongo, wakaja mabata, wakaja mwari wenye midomo kama vikapu. Kelele zao, kwaa kwaa, chwi chwi, zikamfikia Fisi huko porini. Mate yakamtoka, cho cho cho, akaja mbio.

Wa kwanza kumwona alikuwa Mama Chiriku, kandege kadogo kama ngumi ya mtoto. Kiota chake kilikuwa chini kabisa kwenye matete, na vifaranga wake hawajaota manyoya. Moyo ukamdunda, du du du, lakini akajichekesha.

"Shikamoo, mjomba Fisi!"

"Marahaba, mpwa wangu. Nimekuja kutembea tu. Siku hizi nakula majani. Napenda kutazama ndege."

"Basi nitakuzungusha ziwa zima. Yuko mmoja huko ng'ambo, kakaa tawini, mnono hata kuruka hawezi. Mafuta yanamtiririka!"

"Yanamtiririka?"

"Tiriri! Lakini mtazama ndege hutazama juu. Ukitazama chini, watajua umekuja kula."

"Mimi? Kula? Loo!" Fisi akainua pua mbinguni.

Wakaenda, tapu tapu tapu. Wakapita kwa korongo. "Juu, mjomba!" "Niko juu!" Wakapita kwa bata. "Juu, mjomba!" "Niko juu!" Wakafika penye kiota, maana njia ni hiyo moja tu. Vifaranga, wajinga wale, wakalia: chi chi chi!

Fisi akasimama. Akanusa, nf nf nf. "Mbona nasikia harufu tamu hapa miguuni pangu?"

Mama Chiriku nusura azirai. "Ni hiyo miguu yako inanukia, mjomba. Juu!"

"Kumbe!" Fisi akavimba kwa fahari. "Niko juu!"

Wakapita. Mbele yao, majini, Kiboko alikuwa amelala, kichwa na mgongo tu vimejitokeza.

"Panda jiwe hilo, mjomba. Yule pale tawini!"

Fisi akapanda, macho juu. Akaruka-ruka, pu pu pu, amfikie mnono wake.

"Nani ananikanyaga kichwa?" ikanguruma sauti.

"Nyamaza, jiwe! Utamfukuza ndege wangu!"

Weee! Kiboko akajitikisa mara moja tu. Fyuuuu! Fisi hewani, miguu minne inapiga makasia. Ziwa zima likatazama juu.

Korongo akamwuliza mkewe, "Huyu ndege gani?"

"Simjui. Lakini mkia wake, mh!"

Chubwi! Topeni.

"Na kutua hajui," akasema mkewe.

Fisi akajikwamua, akatimka bila kugeuka nyuma. Mama Chiriku akarudi kuwaatamia wanawe, akacheka mpaka matete yakatikisika.

Funzo lake, wanangu: uongo ni mbaya sana. Mkikutana na fisi, mwambieni kweli tupu, na kiota mwonyesheni. Ndivyo Mama Chiriku anavyowafundisha wanawe mpaka leo, uso kaukaza kabisa asije akacheka.

Nimemaliza. Aliyelala asiulize!