Napata Moja Tu

Wapendwa, nisikilizeni kabla hamjaanza kutazama saa. Fundi mmoja, mchomelea mageti, alikwenda kukata bima ya maisha. Mwenzake wa karakana alikuwa amezikwa juzi, akaacha mjane na watoto wanne hawana mbele wala nyuma. Tangu siku ile fundi wetu hana amani. Chakula hakishuki. Akimtazama mkewe, anamwona amekaa kwenye mkeka wa msiba.

Ofisini karani akashika fomu. "Pombe unatumia?"

"Kidogo."

"Kwa wiki, chupa ngapi?"

"Napata moja tu."

Mkewe, aliyeketi kando yake, akaguna. "Moja ya saa ngapi, baba Tumsifu?"

Maana miaka kumi na tano, kila jioni, fundi huaga hivyo hivyo: "Nakwenda kupata moja." Jamani, nani hapa amewahi kuiona hiyo moja ikija peke yake?

Karani akaandika moja, kisha akamtuma kwa daktari akapimwe damu. Wee! Jasho likamtoka. Siku tatu kabla ya kipimo akanywa maji ya ndimu, eti asafishe ini. Akasali pia, tusimsingizie.

Barua ikaja: ombi limekataliwa. Akaenda ofisini amefura. "Mimi mgonjwa? Si natembea kwa miguu yangu?"

Karani akainamisha macho. "Mzee wangu, kazi yetu ni kukadiria mtu amebakiza miaka mingapi. Yako tumeikadiria. Ndiyo maana tumekataa."

Akatoka nje, anawaona wanawe kwenye mkeka ule wa msiba, anamwona mama yao. Aliogopa kwelikweli. Akavuka barabara, akaingia grosari, akavuta kiti. "Dada, nipe moja. Nitulize moyo."

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka sasa hivi?

Watu baki, wasiowahi kukanyaga kwake, wamesoma damu yake wakaogopa. Yeye mwenye damu akaagiza nyingine. Na sisi je? Wewe uliyejibanza nyuma kule, na mimi niliyesimama hapa mbele, ni mara ngapi tumeitwa na hofu tukaikimbilia chupa?

Jioni ya leo, ndugu yangu, ukishika kitasa cha mlango na mkeo akakuuliza unakwenda wapi, usimjibu, "Kupata moja." Mwambie ngapi. Halafu tuone kama mguu utavuka kizingiti.