Mkebe wa Picha ya Nne

Hapo zamani, si zamani ya mazimwi, zamani ya juzi tu, picha zikiwa bado zinasafishwa gizani kwa dawa, palikuwa na mke aitwaye Mwanashee. Aliishi pwani ya kaskazini, kule ambako hakuna mchanga wa kuchezea. Ni majabali matupu, makali kama chonge za mbwa.

Mumewe, Shali, alikuwa mkomba chumvi. Alishuka mwambani, akakomba chumvi mashimoni, akapanda na gunia begani. Kila siku bega lile lile la kulia, mpaka likalala kama kitanda kilichovunjika tendegu. Asubuhi moja alishuka, hakupanda. Gunia lilionekana. Yeye hakuonekana.

Mwanashee akangoja miaka minne, kama alivyosema kadhi. Akakaa eda, eda ikaisha. Nyange seremala akaleta posa, nikaha ikapangwa Ijumaa. Lakini Bi Kupi, mamake Shali, hakukubali mwanawe aswaliwe. Watu wa msikiti walipokuja aliwatoa kwa ufagio. "Mswalieni aliyekufa. Wangu amechelewa."

Ndipo akaja Famau, mpiga picha, akapanga chumba kwa Bi Kupi. Alipiga majabali tu. Watu hakuwataka. "Ukimpiga mtu," alisema, "kesho anakuja kukudai pua nyingine."

Kamera yake iliona polepole. Aliisimamisha kwa miguu yake mitatu, akafungua jicho lake, akaliacha wazi mpaka asome Alhamdu mara saba. Anayepita mbele yake haonekani. Kinachobaki pichani ni kilichotulia.

Mwanashee ndiye aliyemtekea maji ya kusafishia. Picha ya kwanza ikatoka: jabali la mbali kabisa, na juu yake mtu. Mgongo. Bega la kulia limelala.

"Huyu nani?"

"Hapakuwa na mtu, dada. Wallahi palikuwa na kunguru mmoja, naye aliruka."

Picha ya pili ikatoka: mashimo ya chumvi, karibu zaidi na kijiji. Mtu. Mgongo. Bega limelala.

Ya tatu Mwanashee alikwenda mwenyewe. Famau alielekeza kamera kwenye kisima kilicho ukingoni mwa kijiji, majabali nyuma yake. Mwanashee alitazama kwa macho yake mawili: mawe na ndoo, basi. Mbuzi akaja kutafuna kitambaa cha kamera, Mwanashee akakatiza mbele kumfukuza. Picha ikatoka. Mbuzi hamo. Mwanashee hamo. Aliye hai kafutika, na asiyekuwapo kasimama kando ya ndoo, bega limelala. Wala safari hii si mgongo mtupu. Shavu limeanza kugeuka.

Bi Kupi aliiona. Hakulia, hakupiga kelele. Alimwambia Famau, "Baba, sasa piga mlango wa mkaza mwanangu."

Famau akaupiga, Alhamisi mchana. Mwanashee yumo ndani, miguu ina hina mbichi, hawezi kuinuka. Anasikia tu mtu akisoma Alhamdu mlangoni pake. Moja. Mbili. Mpaka saba.

Hina haijakauka alitoka, akaacha nyayo za hina sakafu nzima, akamkuta Famau kwenye kiza cha chumba chake, filamu bado imo mkebeni. Bi Kupi naye yupo, kesha kaa.

"Nipe mkebe," alisema Mwanashee. "Ulinifunza mwenyewe: ukifunguliwa juani, filamu inaungua. Nitaufungua hapo uani. Nilimngoja miaka minne aje na miguu yake, hakuja. Leo anasogea jabali kwa jabali, na kesho naolewa? Mlango ni wangu, na wewe hukubisha hodi."

"Mlango wako, mgongo nimeuzaa mimi," alisema Bi Kupi. "Wewe mume wa pili umempata, tena seremala, kitanda hakitavunjika. Mimi Shali wa pili nitampata duka gani? Nionyesheni uso. Ukiwa wa maiti, nitawaita wa msikiti kwa mdomo huu huu, aswaliwe. Ukiwa wa mtu hai, wewe si wa Nyange."

"Na ukiwa si wa hai wala si wa maiti, mama?"

Bi Kupi akanyoosha mkono kwenye mkebe.

Famau akaukumbatia mkebe. "Nyinyi mnagombea mume na mwana. Mimi miaka ishirini nafanya kazi hii, kamera haijapata kuona nisichokiona kabla ya hapa. Nisipoisafisha hii, nitasimamaje tena mbele ya jabali? Kila nikifungua jicho nitajiuliza nani katulia mle. Picha ni ya aliyeipiga."

"Mwizi naye husema kitu ni cha aliyekichukua," alisema Mwanashee.

Akaushika mkebe. Bi Kupi naye akaushika. Mikono ya watu watatu, mfuniko mmoja, na mfuniko ukaanza kulia. Kule mlangoni kwa Mwanashee palikuwa kimya, kimya cha kitu kilichotulia.

Haya, nyinyi wasikilizaji wangu, mnaotafuna tu hapo! Kuna aliyefungua jicho la kamera, kuna aliyeuzaa mgongo, kuna mwenye mlango. Wala msiseme wote. Mfuniko haufunguliwi nusu. Je, nani alistahili kupewa mkebe?