Gari la Matangazo na Chupa ya Dawa ya Kupe

Hadithi ninayo mimi, hukumu mtakuwa nayo ninyi. Basi tegeni masikio.

Chinyasi palikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Zamoyoni, fundi wa redio, alijaliwa utulivu: hakufanya papara hata moto ukimfika miguuni. Nhonya, mshona magodoro, alijaliwa vidole: akipapasa godoro juu ya kitambaa, alikuonyesha mbegu moja ya pamba ilipolala. Chedego, mwenye gari la matangazo, alijaliwa moyo: akishaamua kutoa, hageuki nyuma.

Siku moja ya mnada, Yunisi mwenye duka la dawa za watu na za mifugo alikuwa akipanga rafu zake. Akaona chupa moja ya dawa ya kupe haipo, na ile ya kikohozi aliyodhani ameiuza asubuhi bado ipo. Basi alikuwa amempa mtu sumu ya kuogeshea ng'ombe. Alimkumbuka mama mgeni, mtoto mgongoni akikohoa. Jina lake hakulijua, wala kwao. Na mnada ulikuwa unavunjika, watu wanatawanyika kila upande.

Alikimbilia kwa Chedego. Gari likawashwa, akashika kipaza sauti, akasema, "Mama uliyenunua dawa..." Sauti ikakatika. Fyuzi ya amplifaya ilikuwa imeungua. Chedego akaweka nyingine, nayo ikaungua. Akaweka ya mwisho, ikaungua vilevile. Ndipo akaanza kukunja karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti ya sigara, aichomeke mahali pa fyuzi.

Zamoyoni, aliyekuwa amesogea kutoka kibandani kwake, akamshika mkono. "Ukiweka hiyo, kaka, itaungua amplifaya yenyewe. Hapo tutakuwa mabubu." Aliunga balbu ya gari mahali pa fyuzi, ikawaka kwa nguvu, dalili kwamba umeme unavuja. Akaanza kuchomoa waya, mmoja baada ya mwingine. Yunisi alitamani kumfokea aharakishe, akajizuia kwa kuuma khanga yake. Ulipochomolewa waya wa spika za juu, balbu ikafifia. Amplifaya ilikuwa nzima. Waya huo ndio uliokuwa unagusa bodi la gari.

Lakini unagusia wapi? Waya ulipita ndani ya dari, chini ya kitambaa kilichoshonwa kote, na kukifumua chote kungewachukua mpaka jioni. Waya wa kubadilisha haukuwepo. Nhonya, aliyekuwa akitazama pembeni, akaingia garini, akafumba macho, akapapasa dari taratibu. Karibu na mlango wa nyuma vidole vikasimama. "Umebanwa hapa," alisema. Akachana kitambaa kwa kisu chake cha kazi. Waya ulikuwa umeminywa chini ya bolti, ganda limechubuka. Akauchomoa, akauzungushia mpira.

Sasa kila kitu kizima, ila fyuzi hakuna, na Chinyasi nzima hapakuwa na pa kuinunua. Chedego akafunua boneti, akang'oa fyuzi ya feni ya rejeta, ile inayopoza injini. Ikaingia sawasawa kwenye amplifaya. Yunisi akamuuliza kama injini itastahimili.

"Haitastahimili," alisema Chedego. "Panda twende."

Wakaenda polepole katika jua kali, kitongoji baada ya kitongoji, Yunisi akirudia maneno yaleyale mpaka koo likamkauka. Mvuke ukaanza kufuka. Mwisho injini ikagonga kwa kishindo, ikazima moja kwa moja. Spika ziliendelea kusema kwa betri. Katika nyumba ya pembeni yule mama akatoka mbio, chupa mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, na kijiko kimejaa. Mtoto alikuwa hajaonja. Yunisi akaichukua ile chupa, akakaa chini mavumbini.

Kesho yake babu wa mtoto akaleta mtamba mwenye mimba, akamkabidhi Yunisi kamba.

"Kosa lako, mwanangu, tumelizungumza na limekwisha," alisema. "Huyu ni wa aliyemwokoa mjukuu wangu. Wewe ulikuwepo, wewe unamjua. Asiuzwe, asigawanywe. Alale zizi moja."

Chedego alisema injini yake imekufa kwa ajili ya mtoto yule. Zamoyoni alisema bila yeye amplifaya ingekufa kabla ya injini. Nhonya alisema kujua waya ni mbovu si kujua ulipo ubovu. Yunisi aliwasikiliza, na kila aliyemaliza kusema alimwona ndiye mwenye haki, mpaka alipoanza mwingine.

Haya, wasikilizaji wangu. Kamba ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?