Bi Mashavu na Tuzo ya Dimbwi

Paukwa!
Pakawa!

Mmelegea mno. Mmekula nini leo? Paukwa!
Pakawaaa!

Naam, hivyo ndivyo. Anayeitikia kwa sauti ya mbu, leo nitamlaza karibu na kiboko.

Hapo kale palikuwa na chura, mwanamke mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, jina lake Bi Mashavu. Lakini sauti! Akifungua kinywa, kwaa-kwaa-kwaa, nyani wanasahau ndizi mkononi. Nyati wakioa, waliyemwita ni Bi Mashavu. Ngiri wakigombana, wimbo wake ndio uliowapatanisha, maana nani atapigana huku kiuno kinamcheza? Maringo pia alikuwa nayo, siwafichi. Haendi shughulini bila jani la kumkinga jua, na hafiki mpaka watu waseme, "Basi tena, haji." Mpiga ngoma wake alikuwa Kobe, maana ngoma alizaliwa nayo mgongoni.

Sasa likaja jua. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki dimbwi moja. Na katika dimbwi hilo, puu! Akajibwaga Bwana Kiboko, akajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Maji yangu," akasema. "Atakayetia ulimi humu, namtafuna."

Swala akaja na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka. Kiboko akakenua meno. Swala akarudi analia. Pundamilia akaja, akakenuliwa, akarudi. Bi Mashavu naye akafukuzwa, na chura bila maji ni balaa. Ngozi ilimbana, sauti ikaanza kukwaruza. Alilia siku hiyo, maskini, na machozi yenyewe yalitoka kwa shida.

Lakini Kiboko naye alikuwa na kidonda moyoni. Kila akitega sikio anasikia nyimbo za Bi Mashavu. Kina mama wanabembelezea watoto, vijana wanachumbiana kwazo. Na yeye, pamoja na ukubwa wote ule, hakuna aliyemwimba hata ubeti mmoja!

Akamwita. "We chura! Nitungie wimbo wa sifa. Ukinikolea, wewe peke yako nitakuruhusu uingie majini."

"Nimekubali, bwana mkubwa," akasema Bi Mashavu, tena kwa kupiga goti.

Lo! Wanyama wakawaka. "Msanii wetu kajiuza!" Swala akamfuata, mtoto kamwegemea mguuni. "Hata wewe, Bi Mashavu?"

"Mama Swala, usinitukane, niitikie. Waambie na wenzako, kesho mje wote. Mwimbaji asiye na waitikiaji ana tofauti gani na mlevi njiani?"

Basi wakaja wamenuna, lakini wakaja.

Nanyi mjue desturi ya wanyama wa pande zile. Ukisifiwa kwa wimbo, huketi. Unasimama na kucheza mpaka wimbo ufungwe, na haufungwi mpaka utoe tuzo mbele ya watu. Ukikimbia kabla, umejivua nguo, hata fisi atakucheka.

Kobe akapiga mgongo, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Bi Mashavu akavuta pumzi.

"Nani kama Kiboko, mwenye mgongo mpana?"
"Hakuna!" wanyama wakaitikia.
"Maji yamekuficha, sogea tukuone!"
"Sogea!"

Kiboko akatabasamu hadi masikioni. Akasogea. Akatoka majini, chopo, chopo, akacheza.

"Nani kama Kiboko, mwenye kiuno cha mduara?"
"Hakuna!"
"Matope yamekuficha, sogea tukuone!"
"Sogea!"

Akasogea. Ti-ti-ti. Akavuka matope, akafika kwenye mchanga mkavu. Jua limesimama utosini, mgongo unaanza kuwaka.

"Yatosha, Bi Mashavu," akahema.

"Sawa, bwana mkubwa. Nilitaka kumtaja baba yako, lakini basi, nimwache."

"Baba? Mtaje, mtaje!"

Akatajwa baba. Kiboko akacheza. "Yatosha!"

"Sawa. Na babu yako, yule aliyezima moto kwa kupiga chafya?"

"Kumbe unamjua! Mtaje!"

Akatajwa babu. Ngozi ikaanza kupasuka, miguu inatetemeka, dimbwi liko mbali kama Ijumaa kwa mwenye njaa ya pilau. Lakini kila akitaka kuketi, anaona macho yote yanamtazama, na fisi keshaanza kujipangusa mdomo tayari kucheka.

"Ufunge wimbo, dada yangu! Nakufa!"

"Tuzo, bwana mkubwa."

"Sema utakacho!"

"Maji."

"Si nilishakwambia ingia!"

"Ahsante. Ila tuzo ya mwimbaji hailiwi peke yake, nawe unajua. Inaliwa na waitikiaji wake."

"Nao waingie! Kwani ni kina nani hao?"

"Sisiii!" msitu mzima ukaitika, na sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya yule mtoto wa Swala.

Kiboko akatazama huku, akatazama huku. Neno limeshatoka mbele ya watu. "Haya," akasema kwa sauti ndogo. Kobe akapiga ti! ya mwisho, na wote wakakimbilia dimbwini, chubwi, chubwi, chubwi! Mama Swala hakunywa mpaka mwanawe aliposhiba.

Tangu hapo Kiboko hatoki majini ovyo mchana, anaogopa kusifiwa. Na mkimwona amepanua kinywa, si miayo ile. Anaitikia.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda ajitwike, aliyesinzia aiote.

Na funzo lake? Watoto, acheni kuimba, si kazi ya maana. Wahenga walikwisha kusema, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mkimkuta huyo ng'ombe anakunywa, muulizeni tu, maji hayo aliyapataje?