Fungu la Asiyekuwepo

Tulieni, wajukuu zangu. Maini bado yako jikoni, nayo hayana miguu ya kukimbilia. Mmeniuliza kwa nini hapa Mlonga nyama ya Idi ya kuchinja hailiwi yote, na kwa nini lile fungu lililofunikwa haliguswi hata na mtoto anayelia. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa na bibi yangu.

Zamani Mlonga haikuwa hivi. Siku ya Idi kubwa watu walisali, wakachinja, wakagawa nyama mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na la maskini wa kijiji. Kisha kila nyumba ilifunga mlango ikala. Mpita njia alipata harufu tu, akaendelea na safari yake.

Wakati huo aliishi hapa mfugaji wa kondoo jina lake Mwinjuma, na mkewe Mwasiti. Tangu ujana wake Mwinjuma alitamani kuhiji. Mwishowe aliuza karibu kundi lake lote apate nauli, akabakiza majike machache ya kumtunza mkewe, na dume mmoja mweusi mwenye mkia mzito wa mafuta. Asubuhi ya kuondoka alimwonyesha Mwasiti yule dume.

"Huyu usimuuze hata njaa ikibisha hodi," alisema. "Siku tutakayochinja sisi kule Mina, naye achinjwe hapa. Tutakuwa mbali, mke wangu, lakini tutakuwa katika jambo moja."

Akashika njia kwa miguu hadi pwani, akapanda meli pamoja na mahujaji wengine.

Miezi ikapita. Mwasiti alimlisha dume kwa mkono wake, na jioni alimweleza yale ambayo angemweleza mumewe: mvua imechelewa, paa linavuja, fulani kajifungua. Halafu wachuuzi wa chumvi wakaleta habari kutoka pwani. Maradhi yamewavamia mahujaji njiani, na wengi wamezikwa hukohuko. Majina hawakuyajua.

Sefu, kaka yake Mwinjuma, akaja na kamba begani.

"Shemeji, ukoo umekaa. Tumeamua kumsomea ndugu yetu na kumwekea matanga. Nimekuja kumchukua dume."

"Nani alimwona akifa?"

"Hakuna. Na nani amemwona akiwa hai?"

Mwasiti akasimama kwenye mlango wa zizi. "Kisomo someni, nitawapikia kunde. Lakini huyu si kondoo wa matanga, ni wa Idi. Mwenzangu akiwa hai, siku ile atachinja akijua nami nachinja. Nitamwachaje peke yake?"

Sefu alikuwa mtu mkali, lakini hakumsukuma mlangoni. Akaondoka na kamba yake.

Idi ilipofika, Mwasiti alimshikilia dume mwenyewe, akamlaza kuelekea kibla, na shehe akachinja. Hakuondoa mkono wake shingoni mwa mnyama mpaka alipotulia. Alilia, na si kwa ajili ya Mwinjuma peke yake, maana tangu siku hiyo hakuwa na wa kuzungumza naye jioni. Akagawa mafungu yake matatu. Kisha katika lile la nyumbani akatenga sehemu ya mumewe, akaipika, akaifunika kwa ungo, akaenda kuketi nayo kando ya njia.

Waliomwona walitikisa vichwa. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipotokea mtu mmoja, vumbi hadi magotini, viatu vyake mkononi. Mwasiti akamkimbilia.

"Umetoka pwani, baba? Hukuonana na Mwinjuma? Mtu mrefu, ana kovu juu ya jicho."

Mgeni akautazama ule ungo. Alikuwa na njaa, na uongo mdogo tu ungemshibisha, na mama wa watu angefurahi.

"Sikumwona, mama," akasema. "Sitakudanganya. Mimi mwenyewe nimeondoka kwetu miaka mingi. Nadhani yupo anayewauliza wapita njia habari zangu."

Mwasiti akaketi chini palepale. Kisha akafunua ungo.

"Basi kula," alisema. "Huenda saa hii na wangu amesimama mlangoni pa watu."

Mgeni akala, naye Mwasiti akamtazama mpaka tonge la mwisho.

Mwinjuma hakurudi, wala habari zake hazikupatikana. Kila Idi Mwasiti alitenga fungu, akaketi njiani, akauliza, mpaka alipozeeka akafa. Idi iliyofuata watu walishangaa kumkuta Sefu, mvi kichwa kizima, ameketi mahali pale na sahani mapajani, akimwuliza kila apitaye habari za ndugu yake. Mwaka uliofuata nyumba nyingine zikatoka na sahani zao.

Na tangu siku hiyo, hakuna apitaye Mlonga siku ya Idi ya kuchinja asiitwe. Huulizwa kwanza, "Hukuonana na wetu?" Naye hujibu kweli, "Sikumwona." Ndipo hunawishwa mikono akala. Siku hizi mahujaji wetu hupanda ndege, na wakifika hupiga simu, lakini fungu hutengwa vilevile.

Mnaona baba yenu alivyosimama juani pale njiani, sahani mkononi? Mama yenu leo yuko Mina, na simu yake haipatikani tangu alfajiri. Nendeni mkasimame naye. Nasikia pikipiki inapanda kilima.